Mwaka wa Beseni la Asali

Butoyi alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa na glavu mikononi na jicho kwenye hadubini, na kwa kuwa huwa hanipigii saa za kazi nilijua kabla sijapokea. "Dada Skola, Mama amepumzika," akasema. Sikumwuliza amepumzika wapi. Nilivua glavu, nikazima taa ya hadubini, nikakaa kwenye kile kiti kirefu cha maabara, na nakiri kwa aibu kwamba kitu cha kwanza kunijia hakikuwa sura ya marehemu. Ilinijia harufu ya asali. Marehemu hakuwa mama yangu mzazi. Alikuwa Mama Bukuru, mama mwenye nyumba aliyenipangisha chumba pale Kibondo mwaka 2013, mwanamke niliyemzoea upesi, nikamchukia kwa moyo wote kwa muda wa wiki moja hivi, kisha nikaondoka bila kumwambia nilichokuwa najua. Nikaomba ruhusa kazini, nikakata tiketi ya basi, na njia nzima kutoka Dar es Salaam nikawa na mwaka ule mapajani.

Kazi yangu, nikiwaeleza watu wa nyumbani, huwa wananionea huruma. Natengeneza vimashine visivyoonekana. Chukua unywele mmoja, uuchane unene wake mara elfu kadhaa. Kile kipande utakachobaki nacho, kama utabaki nacho, ndicho kipimo cha vitu vyangu, na tunavipima kwa nanomita. Kila kimoja ni punje yenye nyuso mbili: upande mmoja umepakwa metali, upande wa pili uko wazi. Ukikitia kwenye kimiminika chenye chakula chake, ule upande wa metali unakula, na kule kula kwenyewe kunakisukuma mbele. Hakina betri, hakina waya, hakuna anayekishika. Kinakwenda chenyewe. Tunachotamani ni siku moja kibebe dawa kiifikishe pale panapouma, badala ya mtu kumeza kidonge kinachozunguka mwili mzima kikitafuta goti. Nimekaa na hamu hii tangu nikiwa na miaka ishirini na mitano, sasa naikaribia arobaini, na bado nikiona punje imeanza kujisogeza nasimama kitini. Wenzangu wanacheka, waache wacheke.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa fizikia sekondari, na chaki ilikuwa imeanza kunikifu. Rafiki niliyesoma naye alinitumia ujumbe kwamba mhadhiri mmoja wa Dar anatafuta mtu wa kuingia kwenye kikundi chake cha utafiti, amsomeshe hukohuko. Nafasi ilikuwa moja. Hakuitisha matokeo ya mitihani, aliuliza swali: buni kitu kinachojisukuma chenyewe mahali ambapo maji ni mazito kama asali, tengeneza mfano wake kwa ukubwa wowote unaoshikika mkononi, upige video ukienda, ueleze kwa nini unakwenda. Mwisho wa kupokea ni mwisho wa mwezi wa nane. Nilisoma ule ujumbe nimesimama uwanjani, wanafunzi wanafagia, vumbi jekundu linaniingia puani, na nikajua kwamba nafasi hii nisipoipata nitakuwa mtu wa kusimulia jinsi nilivyokaribia kuipata. Nilikuwa nawajua watu wa namna hiyo. Mmoja nilikaa naye ofisini.

Swali lenyewe lilikuwa na ujanja ndani yake. Sisi tukiogelea, tukipiga maji mara moja, mwili unateleza mbele hata mikono ikitulia. Kitu kidogo sana hakipati huo mtelezo wa bure. Kwake maji yaleyale ni mazito mno; kikiacha kupiga, kinasimama papo hapo. Na kikipiga kwenda halafu kikarudisha vilevile, ile hatua kilichoipata kinairudisha yote. Kwa hiyo mtu anayetaka kubuni kitu kidogo namna hiyo, bila kuwa na vyombo vya kukiona, anaweza kutengeneza kikubwa akakitia kwenye kitu kizito kweli. Nilidhani wenzangu wa mjini watahangaika kutafuta mafuta mazito ya viwandani. Mimi nilikuwa Kibondo. Asali ilikuwa inapita mbele ya mlango wangu juu ya baiskeli.

Nyumba ya Mama Bukuru ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati juu, na haikuwa na dari. Kuta za vyumba ziliishia usawa wa kichwa cha mtu mrefu, kutoka pale hadi kwenye bati ni hewa tupu, kwa hiyo tulikuwa na vyumba vyetu lakini sauti ilikuwa moja. Nilijua Mama Bukuru anapogeuka kitandani. Nilijua Butoyi, bintiye, anaposoma ujumbe wa mchumba wake, maana alikuwa anacheka kwa pua. Pacha wake Butoyi, yule Bukuru aliyempa mama jina, alikuwa ameshaolewa upande wa Buhigwe, na nyumba ilikuwa ya wanawake watatu. Asubuhi mama alinisalimu kwa Kiha kupitia juu ya ukuta, "Mwakeye, mwalimu," nami nikamjibu nikiwa bado ndani ya shuka, kwa sababu mwezi wa sita Kibondo asubuhi ni baridi ya kukunja vidole. Jioni alinipakulia bila kuniuliza kama nimekula: ugali wa muhogo, isombe, kisamvu chao, iliyolala kwenye mawese hadi inang'aa, dagaa wachache juu yake. Nikimaliza kula naingia chumbani kuandika, na nina tabia ambayo sijaiacha: sitoi barua mpaka niisome kwa sauti, maana makosa yangu nayasikia vizuri kuliko ninavyoyaona. Basi upande wa pili walizoea. Butoyi aliwahi kuniambia, "Ile barua yako ya kuomba uhamisho, dada, ya kwanza ilikuwa na huzuni zaidi."

Asali niliinunua Mabamba, siku ya soko, kwa wanaume waliotoka nayo porini. Dumu zima la lita kumi si kitu cha kununua kichwa kichwa. Nilichovya njiti ya kibiriti kwenye asali nione kama imetiwa maji, nikaipangusa, nikaiwasha. Ikawaka, muuzaji akaniangalia kama nimemtukana. Najua leo kwamba kipimo hicho hakina heshima yoyote mbele ya watu wa maabara, lakini nilikuwa na kingine. Nilifika nyumbani, nikaimimina kwenye beseni kubwa la plastiki, nikachukua gololi ya chuma ya baiskeli, nikaiachia juu na kuhesabu. Ilizama taratibu, ikinyanyua kamba nyembamba ya hewa nyuma yake, ikagusa chini nilipofika ishirini na mbili. Nikaandika kwenye daftari: ishirini na mbili. Chumba changu kilikuwa kidogo, beseni tukaliweka stoo juu ya meza, na Mama Bukuru akasimamisha miguu ya meza kwenye makopo yenye maji na majivu ili sisimizi wasipande. Alifunika kwa ungo. "Mwalimu, asali yote hii ni ya kuogea?" akaniuliza. Nikamwambia ni ya kuogelea. Akatikisa kichwa akaenda zake jikoni.

Mfano wenyewe aliniundia Fundi Omari wa Kasulu, mzee wa Pangani aliyekuja bara kwa ajili ya biashara ya nguo akaishia kutengeneza saa, kwenye kibanda kilichojaa saa zinazosema nyakati tofauti. Kasulu nilikuwa nakwenda karibu kila Jumamosi, kwa sababu mtandao wa Kibondo wakati ule uliweza kubeba maneno lakini video uliitema. Nilimkuta anakula tende, nikamweleza nataka kitu cha kuogelea ndani ya asali. Akaweka tende chini. "Binti, nimetengeneza saa za mashehe na za mapadri, sijaulizwa hili." Lakini mikono yake ilikuwa imeshaanza kutafuta. Alichukua mashine ya saa ya mezani, ile ya kujazwa kwa ufunguo, akaifungia ndani ya kopo la mafuta ya kujipaka, akaziba tundu la mhimili kwa nta, na tumboni tukatia kokoto mpaka likazama kadiri tulivyotaka. Nyuma alifunga mkia nilioubuni mimi: kipande cha bati, bapa, kigumu, kinachopiga kushoto na kulia kama mkia wa samaki. Nilikuwa nimesoma kwamba mkia wa namna hiyo hautakwenda. Nilitaka kuuona ukigoma, kisha nibuni mwingine. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba nilikuwa na kiburi, na pembeni ya moyo nilitumaini vitabu vimekosea na mimi ndiye nitakayevisahihisha nikiwa Kibondo.

Na vikakosea. Nilitoka shuleni siku moja, wiki mbili kabla ya mwisho wa mwezi, nikaingia stoo, nikafunua ungo, nikajaza ufunguo, nikakiachia. Kilipiga mkia kushoto, kulia, kushoto, na kikaondoka. Taratibu, huku kikiyumba kama mlevi anayejua kwao, kilivuka beseni lote kikagonga upande wa pili. Nilikirudisha, kikavuka tena. Nilikwisha kugundua kwamba asali imelegea kidogo. Niliiona, siwezi kusema sikuiona. Nilisema ni joto la mchana, bati la stoo linachemka. Sikuchukua gololi. Mpaka leo, nikimfundisha mtu kazi, hapo ndipo namsimamisha: mkono wangu ulikuwa hatua moja kutoka kwenye ile gololi, na sikuichukua kwa sababu jibu nililolipata lilikuwa tamu. Nilipiga video kwa simu, nikaandika kurasa nne, nikazisoma kwa sauti nikitembea chumbani, na Jumamosi nikapanda basi la Kasulu nikazituma. Mhadhiri alinipigia mwenyewe siku ya Jumatatu. "Mwalimu, kama hili ni kweli, umetuaibisha sote. Rudia, nitumie video ya pili kabla ya mwisho wa mwezi. Ikithibitika, nafasi ni yako." Nilishukuru nikiwa nimesimama nyuma ya choo cha walimu, mahali pekee penye mtandao mzuri, na nikajiona nimekwisha kufika Dar.

Siku ya pili yake, jioni, nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari. Upande wa pili Mama Bukuru alikuwa na jirani yake, wanachambua maharage. Nilisikia yanavyodondoka kwenye sinia. Jirani aliuliza wageni wa posa ya Butoyi walikuwaje. Mama akaanza kusimulia, walivyofika bila taarifa, wazee wanne, siku mwalimu akiwa shuleni, na ndani hakuna kitu, hata togwa. Halafu akashusha sauti, lakini sauti iliyoshuka ndani ya nyumba ile ilikuwa bado inasikika. "Mzee mmoja alikwenda kunawa, akaona beseni limefunikwa. Akarudi anasema, humu kuna asali. Sasa ungefanyaje? Wakwe wameiona asali kwa macho, umwambie mtu si yetu? Watasema nimewanyima mtoto akiwa bado hajatoka. Nikachota jagi, na la pili. Nikajazia maji ya moto nikakoroga, nikafunika. Mwalimu wa watu hakujua. Mungu anisamehe." Jirani alicheka. Mama alicheka pia, ila kidogo, kisha wakarudi kwenye maharage.

Kalamu ilibaki hewani. Kama ukuta ule ungekuwa wa mabua ningetokea upande wa pili. Nilisubiri jirani aondoke, nikaenda stoo, nikaiachia gololi. Sikufika mbili. Iligonga chini kama jiwe kwenye ndoo. Nikakaa juu ya gunia la muhogo nikaitazama ile asali, na nilichokiona wazi ni kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayejua. Ningeweza kurekodi video ya pili jioni ileile. Ningeituma, ningepata nafasi, ningeondoka Kibondo, na baadaye mtu mwingine huko angerudia akashindwa, nami ningesema asali za mahali na mahali zinatofautiana. Nilishaanza hata kuipanga ile sentensi. Sisemi haya kujisifu; nasema kwa sababu niliipanga vizuri sana, na inanitisha mpaka leo.

Kilichoniokoa hakikuwa wema, ilikuwa udadisi. Nilitaka kujua. Nikishatuma uongo, nisingeweza tena kuuliza mkia gani unakwenda, maana ningelazimika kuulinda ule usiokwenda maisha yangu yote. Basi nikaingia chumbani nikaandika barua ya kukanusha. Ya kwanza ilikuwa na Mama Bukuru ndani yake, mzima mzima: mama mwenye nyumba wangu, bila idhini, kwa tabia yake ya kupenda kuonekana. Niliandika kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Nilipofika mahali pa kuisoma kwa sauti, nikasimama katikati ya chumba nikashindwa. Upande wa pili kijiko kilikuwa kinakwangua sufuria, na Butoyi anamwambia mama yake kitu kuhusu chumvi. Nikaichana. Ya pili niliiandika fupi na nikaisoma, kama kawaida yangu, kwa sauti ya darasani: "Matokeo niliyotuma si ya kweli. Asali niliyotumia ilikuwa imeingia maji. Kosa ni langu, kwa sababu nilikuwa na njia ya kuipima kabla ya jaribio na sikuipima. Naomba usiyatumie." Nikaisoma mara mbili nipate kuhakikisha haina huzuni nyingi. Kisha nikalala bila kula, na asubuhi nilijibu "Mwakeye" kwa meno.

Niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Kasulu katikati ya wiki, nikaituma. Fundi Omari alipoona uso wangu hakutania. Aliniwekea kahawa, nikamsimulia yote, naye akasikiliza huku anapuliza vumbi kwenye mashine ya saa. "Kwa hiyo asali ilitiwa maji na mkia ukaenda. Isipotiwa maji hauendi. Basi umejifunza jambo, mbona umenuna?" Nikamwambia nimenuna kwa sababu asali yenyewe sina. Alichukua waya, akauzungushia kwenye penseli, akauchomoa, ukabaki umejipinda kama mzabibu unapotafuta pa kushika. Wazo lilikuwa kwenye daftari langu tangu mwezi wa sita: kitu kinachozunguka hakina kwenda na kurudi, kinakwenda tu, kwa hiyo hakirudishi hatua yake. Aliufunga mahali pa bati, akaongeza kokoto upande mmoja ili kopo lisizunguke badala ya mkia. "Chukua. Asali mtafute mwenyewe, mimi nina tende." Nikarudi Kibondo na kopo langu mapajani, siku nne zimebaki, mshahara haujatoka, na dumu la asali safi nisingelipata hata kwa kulia.

Kesho yake jioni nikakuta dumu mlangoni kwangu. Lilikuwa lita kumi, limezibwa kwa kifuniko na kitambaa, zito. Mama Bukuru alikuwa amesimama kando, kanga begani, miguu ina vumbi hadi magotini. "Mjomba wangu wa Mabamba kaniletea. Mimi sukari inanisumbua, siwezi kuila. Chukua wewe, mwalimu, kwa hayo mambo yako." Alisema haraka, akitazama makopo ya maua. Nami nilifanya jambo ambalo nikilikumbuka nakunja uso hata nikiwa peke yangu. Nililichukua. Nilisema moyoni, anarudisha alichokula, basi. Nikalibeba ndani, nikafunga mlango, na neno asante halikutoka mdomoni mwangu.

Gololi ilizama kwa ishirini na tano. Nikawaita waje waone, maana hata kwa kununa kwangu kitu kama kile huwezi kukitazama peke yako. Tulikaa stoo watatu, wao kwenye vigoda, mimi nimesimama na simu. Kwanza niliweka mkia wa bati. Ulipiga kushoto, kopo likasogea kidogo. Ukapiga kulia, likarudi palepale. Dakika nzima likatikisika mahali pamoja kama mtoto aliyegoma kuvaa viatu. Butoyi akacheka kwa pua. Nikabadilisha, nikaweka waya uliopinda, nikajaza ufunguo. Mwanzoni hatukuona kitu. Kisha Mama Bukuru akaweka kidole ukingoni mwa beseni, mbele kidogo ya kopo, kama anayeweka alama, na tukangoja. Kopo likafika kwenye kidole. Akakisogeza mbele. Likafika tena. Mkia ulikuwa unazunguka polepole, asali haijatikisika hata kidogo, na kile kitu kinakwenda, hakirudi nyuma. Nilikuwa nalia na sikujua kwa sababu gani. Nikawaeleza kwamba siku moja kitu cha namna hii, kidogo kuliko kinavyoweza kuonekana, kitaogelea ndani ya mtu na dawa mgongoni. Mama Bukuru alifikiri, kidole bado kiko ukingoni. "Sawa, kitakwenda," akasema. "Lakini huko ndani kuna giza na njia nyingi. Kitajuaje pa kwenda?" Niliandika swali lake ukurasa wa mwisho wa daftari, chini ya hesabu za gololi.

Video mbili nilizituma siku ya mwisho, kibanda cha intaneti cha Kasulu kikiwa kinataka kufungwa. Mhadhiri hakusema lolote kuhusu barua ya kukanusha, siku ile wala baadaye. Alijibu kwa mstari mmoja: lete vyeti vyako vya shule na cha kuzaliwa kabla ya mwezi wa kumi. Nikaondoka Kibondo kwa furaha ya kijinga, nikamwachia Butoyi godoro na jiko la mkaa, nikamkumbatia Mama Bukuru kituoni, naye akanipa karanga za njiani. Harusi ya Butoyi ilifanyika baada ya mimi kuondoka, nilituma kitenge. Miaka yote hiyo niliongea nao kwa simu, na sikuwahi kugusa habari ya majagi mawili. Nilijiona mwungwana kwa kunyamaza. Nilidhani siri ile nimeitunza mimi.

Nilifika msibani wamekwisha kuzika. Nyumba ni ileile, bati limebadilishwa, kuta hazijaongezwa hata tofali. Butoyi, mama wa watoto watatu sasa, alinipeleka kwenye chumba changu cha zamani nikapumzike, akakaa nami kitandani, tukalia, kisha tukaanza kucheka mambo ya zamani kama inavyokuwa. Nikaona huu ndio wakati wa kutua mzigo. Nikamwambia kwamba nilimsikia mama yake siku ile akichambua maharage. Butoyi alinitazama bila mshangao wowote. "Tulijua," akasema. "Ulisoma barua. Dada, ulisoma mara mbili. 'Kosa ni langu, sikuipima.' Sisi huku tuliacha kula. Mama alishika kijiko hivi, hakukiweka chini wala hakukipeleka mdomoni. Alingoja umtaje. Hukumtaja."

Nikamwuliza kuhusu mjomba wa Mabamba. Butoyi akacheka kwa pua, machozi bado yanateremka. "Mjomba gani? Dumu lile lilikuwa kule kwa shangazi, la harusi yangu, la kupelekea wakwe. Mama alitembea kwenda na kurudi siku moja, amelibeba kichwani. Nilinuna, nakwambia, nilinuna kuliko wewe. Ndiyo maana niliolewa mwaka uliofuata. Walingoja asali ya msimu mwingine. Mama alisema harusi ina mwaka ujao, kazi ya mwalimu ina siku nne." Nilimwona tena amesimama mlangoni, vumbi hadi magotini, anatazama makopo ya maua, na mimi nafunga mlango. "Sikumwambia asante," nikasema. "Najua. Nilimwambia hana adabu yule mwalimu wako. Akasema mwache, ana hasira za mtu mkweli. Na kila ukipiga simu, ukishakata, ananiuliza: amekwambia kama kile kitu kimejua pa kwenda?"

Butoyi akatoka kwenda kwa wageni. Nilibaki peke yangu kwenye kile chumba, mchana, mwanga unapita kati ya ukuta na bati. Upande wa pili wanawake walikuwa wanamenya ndizi na kuzungumza. Niliwaza jinsi ya kumjibu. Vimashine vyangu vinakwenda, hilo tumelimaliza. Lakini vikishaanza kwenda, maji yenyewe yanavisukumasukuma, na kabla hujahesabu kumi vimekwisha kusahau vilikuwa vinaelekea wapi. Nimetumia maisha yangu yote ya kazi kwenye swali aliloliuliza mama mmoja akiwa na kidole ukingoni mwa beseni. Nikasimama katikati ya chumba, pale nilipokuwa nasimama zamani, na nikasema kwa sauti ya darasani, ili ivuke.

"Mama Bukuru, bado hakijajua pa kwenda. Bado tunatafuta. Na asante kwa asali."

Upande wa pili visu vilitulia kwenye ndizi.